Beetle ya 1972 barabarani kila siku: shajara ya kilomita 10,000 za kwanza

Mita ikisoma 0

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600 (cc 1584), kabureta Solex 34 PICT-3, dainamo ya volti 12, breki za dramu magurudumu yote manne. Bodi imechomelewa na kupakwa rangi, injini imefanyiwa ovaholi, nyaya zote ni mpya. Kazi yake ni safari za kila siku, mvua na jua, na safari ndefu mara mojamoja. Hakuna gari la akiba nyuma yake, kwa hiyo kila uamuzi ulioandikwa hapa umepimwa kwa swali moja tu: asubuhi litawaka?

Gari lililotoka kwenye ukarabati lisidhaniwe limekamilika. Kila nati imefungwa upya kwa mkono, gasketi bado hazijalala, mipira haijaonja joto. Kilomita 5,000 za mwanzo ni nusu ya pili ya ukarabati, na ndiyo sababu ya kuweka shajara hii kwa kilomita badala ya tarehe.

Kuhusu vipuri: Beetle ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, hivyo sehemu nyingi za injini hazikuwahi kuadimika. Shida ni ubora. Rota, kondensa na pointi (sehemu za distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) mpya za bei rahisi hufa haraka kuliko zile kuukuu zilizotolewa. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba kifaa cha asili kilicho kizima kinasafishwa na kurudishwa. Hakitupwi kwa sababu kipya kinang'aa.

Mabadiliko yaliyokubaliwa tangu mwanzo: mikanda ya usalama ya ncha tatu mbele, taa za H4 (balbu za halojeni) zenye relei (swichi za umeme zinazobeba mkondo mkubwa), tairi za radiali 165 R15, na mipira ya petroli ya daraja la R9. Iliyokataliwa ni distributa ya 009. Haina vakyumu (kifaa kinachorekebisha wakati wa cheche kwa mvuto wa hewa ya injini), na ikikutana na kabureta ya 34 PICT-3 gari hukwama kidogo kila unapokanyaga mafuta kutoka mwendo mdogo. Kwenye safari za kusimama na kuondoka kila baada ya mita mia mbili, kasoro hiyo inachosha kuliko unavyodhani.

Kilomita 0 hadi 30

Kamshafti ni mpya, na kamshafti mpya huharibika katika dakika zake za kwanza kama injini itaachwa inanguruma polepole. Tapeti zake, vipande vinavyosukumwa na kamshafti kufungua valvu, ni bapa, na oili inayozifikia hutegemea kurushwa na krenkishafti. Mzunguko ukiwa mdogo, kinachorushwa ni kidogo.

Kwa hiyo plagi zilitolewa kwanza, injini ikazungushwa kwa starta hadi taa ya oili ikazimika. Bakuli la kabureta likajazwa petroli kwa bomba la sindano, ili injini iwake papo hapo bila kukokwa-kokwa. Ilipowaka ilishikiliwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, dakika 20 mfululizo, mkanda wa feni ukiwa umefungwa na mabati yote ya injini yakiwa mahali pake. Oili ni ya madini, 20W-50, yenye zinki ya kutosha kwa tapeti bapa. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki, kwa hiyo soma kopo kabla ya kumimina.

Tone dogo la oili chini ya mirija ya pushirodi, upande wa silinda 1 na 2. Limeachwa kwa sasa; mirija hiyo mara nyingi hukaa sawa baada ya joto la kwanza.

Kilomita 300

Oili imebadilishwa, lita 2.5. Injini hii haina filta ya oili. Ina chujio la waya tu chini ya krenkikesi, linaloshikiliwa na nati 6 ndogo za M6, na hapo ndipo wengi huharibu. Nati hizo zinataka Nm 7, nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Ukikaza kama unavyokaza nati ya gurudumu, stadi inang'oka na uzi wa krenkikesi, na kila washa ya shaba utakayoweka baada ya hapo itavuja. Washa hizo ni za kutumika mara moja. Chujio lilikutwa na unga laini wa kijivu, kiasi cha kupaka ncha ya kidole, na hilo ni la kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba vingekuwa habari nyingine: beringi.

Tapeti zimepimwa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya kulala usiku mzima. Mwanya ni milimita 0.15 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa. Njia isiyopoteza muda: leta silinda 1 kileleni, rota ikielekea alama iliyochongwa kwenye mdomo wa distributa, pima valvu zake mbili. Kisha zungusha puli kinyume na saa nusu mzunguko, silinda 2 iko tayari. Nusu tena, 3. Nusu tena, 4. Mpangilio wa kuchoma ni 1-4-3-2, na ukirudi nyuma unapata 1, 2, 3, 4 bila kukisia.

Valvu ya kutoa ya silinda 3 ilikuwa imebana hadi 0.10. Mara ya kwanza si kitu, inaweza kuwa inakaa kwenye siti yake. Ikibana tena na tena kila ukipima, shingo ya valvu inarefuka, na siku moja kichwa chake kitakatika na kutoboa pistoni. Kwa hiyo vipimo vinaandikwa. Kupima bila kuandika hakukuambii chochote kuhusu mwelekeo.

Gasketi za vifuniko vya valvu zimegundishwa upande wa kifuniko tu. Upande wa hedi haupakwi gundi, la sivyo kila ukifungua utakuwa unakwangua.

Kilomita 310

Nati za ekseli ya nyuma zimekazwa tena. Spana ya mm 36, Nm 300, na hicho si kipimo cha kukisia: vika bomba refu juu ya spana na ujue uzito wako. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye bomba sentimita 40 kutoka kwenye nati, bomba likiwa limelala mlalo, anatoa karibu Nm 300. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza hadi lilingane, usirudishe nyuma. Nati ikilegea hapa, meno ya ndani ya dramu yanasagika taratibu bila kelele, mpaka siku ekseli inazunguka na gurudumu limesimama.

Boliti za magurudumu, Nm 130. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Rangi mpya kati ya rimu na dramu husinyaa, na boliti hupoteza mkazo. Yeyote aliyepaka rangi rimu zake akaze tena baada ya kilomita 50, kisha 300.

Kilomita 640: gari linavuta kushoto likifunga breki

Marekebisho ya shuu, vipande vinavyobana dramu kwa ndani, yalikuwa sawa pande zote. Gari lilipandishwa jeki, breki ikakanyagwa na kuachiwa, magurudumu yakazungushwa kwa mkono. La mbele kushoto lilibaki zito kwa sekunde kadhaa kisha likaachia lenyewe.

Hapa kuna kipimo kimoja chenye kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Gurudumu likiwa bado limeshika, fungua nipeli ya kutolea hewa. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likaachia, kuna presha iliyonaswa. Ikiwa ni gurudumu moja tu, mpira wa breki wa gurudumu hilo umevimba kwa ndani: mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Ikiwa yote yameshika, tazama masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta panatakiwa nafasi ya milimita 1. Isipokuwepo, tundu la kurudishia mafuta halifunguki. Na kama gurudumu limeshika lakini kufungua nipeli hakubadilishi kitu, basi ni wili silinda iliyokwama au shuu zenyewe.

Ulikuwa mpira, na ulikuwa mpya. Ulikuwa umejipinda mzunguko mzima wakati wa kufungwa. Mipira yote minne imebadilishwa, mafuta ya DOT 4 yamepitishwa hadi yakatoka safi, na tarehe imeandikwa kwenye karatasi iliyogundishwa karibu na kopo la mafuta. Baada ya miaka 2 yanatolewa yote, hata yakiwa yanaonekana mazuri, kwa kuwa yanavuta unyevu kutoka hewani.

Shuu za dramu hurekebishwa gurudumu kwa gurudumu: kaza nyota (kigurudumu cha meno cha kurekebishia) kwa bisibisi bapa hadi gurudumu lishike, kanyaga pedali mara moja shuu zijipange, kisha rudisha meno 2 au 3 hadi lizunguke huru. Kila gurudumu lina nyota mbili na zinageuka kinyume. Kwa gari la kila siku fanya hivyo kila kilomita 5,000, au pedali ikianza kushuka.

Kilomita 1,150: joto

Oili ilifika nyuzi 118 kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, barabara tambarare. Injini iliyo salama inakaa kati ya 90 na 105. Juu ya 120 oili inakuwa nyepesi mno, na taa ya oili itaanza kupepesa ukisimama.

Injini ya Beetle inapozwa na hewa na oili, na watu husahau kwamba chumba cha injini ni nusu ya mfumo huo. Juu ya mabati ni upande wa hewa baridi, chini ni upande wa eksozi. Tundu lolote kati ya pande hizo linairudishia feni hewa ya moto iliyokwisha kutumika. Hivi ndivyo vilivyokutwa:

Mpira mrefu unaozunguka injini, kati ya mabati na bodi, ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake upande wa nyuma kulia, urefu wa kiganja. Rangi mpya ilikuwa nene na mfereji umebana, mpira haukuingia ndani. Vifuniko vya mpira kwenye nyaya za plagi, vile vinavyoziba matundu ya mabati, viwili vilikuwa vimepasuka. Na taimingi, yaani wakati wa cheche, ilikuwa imechelewa kwa digrii 6.

Hilo la mwisho lilikuwa kosa kubwa kuliko mengine. Pointi mpya huvaa kisigino chake haraka kwenye kilomita 1,000 za kwanza, hasa kama kamu ya distributa haikupakwa grisi. Kisigino kikipungua, mwanya wa pointi unafunga; mwanya ukifunga, cheche inachelewa; cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka hadi kwenye valvu ya kutoa na hedi inachemka. Pointi zilirudishwa milimita 0.4, dweli (pembe ambayo pointi hukaa zimefunga) ikasoma digrii 48, kamu ikapakwa grisi kiasi cha punje ya mchele. Kisha taimingi ikapimwa kwa taa: mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa, mizunguko 3,500, digrii 30 kabla ya kilele. Kuweka kwa mizunguko mikubwa ni bora, kwa sababu springi za distributa ya zamani zimelegea na usomaji wa chini hukuficha ukweli wa juu.

Pia viunganishi vya mpira vya manifoldi vilikaguliwa. Injini hii ina matundu mawili kwenye kila hedi, na mikono ya manifoldi imeunganishwa na kipande cha kati kwa mipira mifupi. Ikipasuka, injini inavuta hewa ya ziada na mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), nao ni joto pia. Nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya nguo injini ikiwa imewaka. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Hakuna aliyepaswa kunyunyizia petroli, lakini bado wapo wanaofanya.

Safari ileile, mwendo uleule: nyuzi 101.

Thamostati iko mahali pake na itabaki. Wengi huitoa wakidhani wanasaidia. Ikitolewa, springi inafungua milango ya hewa moja kwa moja, ni kweli, lakini kwenye safari fupi injini haipati joto na oili inakusanya maji. Inafungua kwenye nyuzi 65 hadi 70, na hapo haizuii chochote.

Onyo dogo: usiache kitambaa kwenye chumba cha injini. Feni inakivuta, na hutajua hadi silinda moja ishike.

Kilomita 1,900: harufu ya petroli

Safari zilisimamishwa hapohapo. Beetle huungua kwa sababu ya mipira ya petroli, na harufu ndiyo taarifa pekee utakayopewa.

Mafuta hutoka tangini mbele, lita 40, yakapita kwenye paipu ya chuma ndani ya uti wa gari hadi nyuma. Mipira iko sehemu hizi: chini ya tangi, karibu na giaboksi pale paipu inapotoka, kabla ya pampu, na kati ya pampu na kabureta. Ule wa karibu na giaboksi husahauliwa katika ukarabati kwa sababu hauonekani bila kulala chini. Petroli yenye ethanoli huukausha mpira wa kawaida ukawa kama plastiki ngumu, ukiukunja unapasuka. Mpira wa R9 unahimili. Ukubwa ni tundu la mm 5, na klipu ziwe za ukanda mpana laini. Klipu za meno ya skrubu hukata mpira taratibu kila unapokaza.

Uvujaji wenyewe haukuwa kwenye mpira. Ulikuwa kwenye kijiti cha shaba, kibomba kidogo kinachoingiza mafuta kwenye kabureta. Kijiti hicho kimesukumizwa tu ndani ya alumini, hakina uzi, na kikizeeka kinalegea na kuanza kutoka chenyewe. Kikitoka injini ikiwa inafanya kazi, pampu inamwaga petroli juu ya distributa. Shika kijiti kwa vidole na ujaribu kukizungusha: kikizunguka, hakifai. Sehemu ya juu ya kabureta imefunguliwa, tundu likakatwa uzi, kijiti chenye uzi kikafungwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa petroli.

Presha ya pampu pia ilikuwa juu. Hapa kuna mtego wa vipuri. Pampu za magari yenye dainamo hutumia fimbo ya mm 108, za magari yenye altaneta fimbo ya mm 100. Zikichanganywa, pampu inasukuma mno au haisukumi kabisa. Fimbo ilikuwa sahihi, ila ilichomoza mm 14 juu ya kitako badala ya 13, gasketi zikiwemo. Gasketi moja zaidi chini ya pampu ilimaliza kazi.

Filta ya petroli imehamishwa kutoka juu ya injini hadi karibu na giaboksi. Filta ya plastiki inayoning'inia kati ya pampu na kabureta inauongezea mpira uzito na mtikisiko, mahali pabaya kuliko pote. Kizima moto cha unga cha kilo 2 kimefungwa ndani, mbele ya kiti cha abiria. Kisiwekwe chini ya boneti ya mbele; hapo ndipo tangi lilipo.

Kilomita 2,700: umeme

Taa za mbele zilikuwa hafifu na starta ilikataa injini ikiwa moto: klik moja, kimya. Nyaya ni mpya, kwa hiyo upimaji ulianza kwenye viunganisho.

Betri, injini ikizunguka: volti 13.6. Kwenye balbu ya taa, taa zikiwa zimewashwa: 11.3. Zaidi ya volti 2 zimepotea njiani, na balbu hupoteza mwanga kwa kasi kuliko volti. Mkondo wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi ya dashibodi na ya usukani, ambazo hazikutengenezwa kubeba balbu za H4. Relei mbili zimewekwa mbele, waya mnene wa mm² 4 ukitoka moja kwa moja betri kupitia fyuzi. Sasa balbu inapata 13.1. Fyuzi za asili zenye umbo la risasi zimezungushwa kwenye vishikizo vyake; nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16. Vishikizo vikipata kutu, fyuzi nzima haipitishi umeme na mtu anahangaika na swichi bure.

Starta: waya wa kuiamrisha unatoka kwenye swichi ya ufunguo mbele hadi kwenye starta nyuma, na kila kiunganisho kinakula sehemu yake. Relei moja karibu na starta imemaliza suala. Lakini kabla ya relei, tazama mkanda wa ethi (waya wa kurudishia umeme) kati ya giaboksi na bodi. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, na bila mkanda huo umeme wa starta unatafuta njia nyingine: kebo ya klachi, kebo ya mafuta. Kebo inayokatika mara kwa mara bila sababu huenda inaungua kidogokidogo kwa umeme. Mkanda ulikuwepo, ukiwa umefungwa juu ya rangi. Rangi imekwanguliwa hadi chuma, ikafungwa na kupakwa grisi.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, kulia. Springi za kiti zikishuka chini ya uzito wa abiria wawili zinagusa ncha za betri, na mjazo wa kiti unawaka. Kifuniko cha betri si pambo.

Dainamo inatosha ampea 30, ila haichaji ukiwa umesimama na taa zote zimewashwa. Kwa safari za usiku zenye foleni ndefu, altaneta ingefaa. Uamuzi umeahirishwa.

Kilomita 3,300

Spidomita imekufa. Kebo yake inaendeshwa na kifuniko cha beringi ya gurudumu la mbele kushoto, ncha ya mraba ikishikwa na kipini kidogo. Kipini kilikuwa kimeanguka. Dakika 5. Nati ya beringi upande huo ina uzi wa kushoto. Usiikaze kwa mazoea.

Kilomita 4,050: kuzimika baada ya kuwaka vizuri

Asubuhi zenye unyevu, injini inawaka, inaenda kilomita 3, inaanza kuzimika kwenye kila makutano, kisha inapona. Kabureta ilikuwa ya barafu kwa nje. Petroli ikivukiza inapoza manifoldi, na unyevu unaganda hata hewa isipokuwa baridi kali. Chini ya kabureta kuna bomba dogo linalopitisha moshi wa moto wa eksozi kupasha joto manifoldi. Gusa pande zote mbili kwa kitambaa baada ya dakika 5: zote ziwe za moto. Upande mmoja ulikuwa baridi. Manifoldi ilipakwa rangi safi kwa nje na ndani imeziba makaa. Imetobolewa kwa waya mnene wa chuma, kazi ya jioni nzima.

Baada ya hapo slo, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imewekwa 875. Kwenye 34 PICT-3 slo hairekebishwi kwa skrubu ya kwenye mkono wa kebo. Kuna skrubu mbili upande wa kushoto: kubwa ni ya mwendo, ndogo ni ya mchanganyiko. Anza na ndogo ikiwa imefunguliwa mizunguko 2 na nusu. Waya wa solenoidi (valvu ya umeme) ya kukatia mafuta ukichomoka, injini haitasimama kwenye slo hata ufanye nini. Tazama huo kwanza.

Kilomita 5,000

Oili, chujio, tapeti (silinda 3 kutoa: 0.14, imetulia), pointi, plagi mwanya 0.7, breki, grisi kwenye nipeli nne za ekseli ya mbele hadi grisi chafu itoke. Oili ya giaboksi imetolewa na kuwekwa SAE 90 ya GL-4. Oili ya GL-5 isiyotamka wazi kwamba inafaa pia kwa GL-4 haikuwekwa, kwa kuwa viambato vyake vinaweza kula shaba ya sinkronaiza.

Mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Kwa kidole gumba katikati yake unatakiwa kubonyea sentimita 1.5. Ingiza bisibisi kwenye mwanya wa puli ya dainamo, iegemee boliti ya juu, fungua nati kwa spana ya mm 21, toa washa moja kutoka katikati ya nusu mbili za puli na uiweke nje. Usiitupe, mkanda mpya utaihitaji ndani tena. Mkanda huu ukikatika, taa ya chaji inawaka, na feni imesimama. Zima papo hapo. Kilomita moja zaidi inaunguza hedi.

Upepo wa tairi: mbele psi 18, nyuma psi 27. Injini iko nyuma, na ukiweka sawa pande zote usukani unakuwa mwepesi na mkia mzito kwenye kona yenye maji.

Kilomita 6,800: mvua

Matundu ya kutolea maji chini ya milango yalizibwa na nta ya kuzuia kutu. Yamefunguliwa kwa kijiti. Maji yaliyokutwa mlango wa kulia yalijaza nusu kikombe, na kutu ya kwanza ya mlango uliopakwa rangi mpya ilikuwa imeanza. Nta ipuliziwe, kisha matundu yazibuliwe siku ileile kabla haijakauka.

Maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la akiba. Lijazwe baa 3. Valvu inakata kabla tairi halijashuka mno kutumika. Likipimwa baa 2, maji hayatoki na watu hununua pampu.

Kilomita 8,200: kebo ya klachi

Klachi ilianza kutetema wakati wa kuondoka. Mrija unaobeba kebo kuingia giaboksi unatakiwa kupinda kushuka kati ya mm 25 na 45. Ulikuwa karibu umenyooka. Washa mbili nyuma ya mrija zimeurudisha. Uwazi wa pedali ni mm 15. Kebo ya zamani ilikuwa na nyuzi tatu zilizokatika karibu na kijicho cha mbele, mahali ambapo huwezi kupaona bila kuitoa. Imebadilishwa, na nyingine iko kwenye boksi la spana pamoja na mkanda wa feni, kebo ya mafuta, pointi, kondensa, rota, na fyuzi.

Kilomita 10,000

Kompresheni, injini ya moto, kabureta imefunguliwa wazi: silinda 1 baa 8.3, 2 baa 8.2, 3 baa 8.0, 4 baa 8.3. Mchezo wa krenkishafti mbele-nyuma mm 0.10, kikomo cha kuvaa ni 0.15. Matumizi lita 9.4 kwa kilomita 100. Tone la oili kwenye mirija ya pushirodi halikukoma, ni la ukubwa wa sarafu baada ya usiku mmoja, na litasubiri siku injini itakaposhushwa.

Yanayofuata kabla ya 15,000: swichi za taa za breki. Zimefungwa kwenye masta silinda na hufanya kazi kwa presha ya mafuta. Siku hizi taa za breki haziwaki hadi pedali ikanyagwe kwa nguvu. Zinabadilishwa Jumamosi hii, zote mbili, na breki zitatolewa hewa upya.